Tarakimu Ishirini

Jumamosi, baada ya alasiri, Keko Machungwa,
tunakaa barazani kwa Mama Nchimbi,
mimi na daftari langu lenye twiga kwenye jalada.
Mia tano, mia tano. Sarafu tunazihesabu mara mbili
kwa kuwa mwaka juzi tulizihesabu mara moja.

Si fungu la harusi hili, wala la msiba.
Siwema ndiye aliyelipa jina: Fungu la Giza.
Tulicheka sana siku ile.
Nyumba yetu ina wapangaji sita na mita moja.
Yupo mwenye friji, yupo mwenye pasi,
yupo Shomari wa chumba cha uani na spika zake mbili,
na yupo Bi Kidawa, mwenye balbu moja
anayoizima akisali, maana Mungu, asema,
haangalii kwa umeme.
Gharama tunagawana sawa.
Sawa! Neno hilo nililiandika, nikalikata.

Fundi Chogo hataki hela, anataka chai tu.
Anapita chumba kwa chumba na bisibisi sikioni,
anapapasa mpira wa friji ya Siwema
kama mkunga anavyopapasa tumbo.
"Huyu anakunywa usiku kucha," akasema,
akauziba ufa kwa kipande cha tairi la baiskeli.
Jiko la Mama Nchimbi kalikandika udongo wa kichuguu:
kopo moja la makaa sasa linaivisha maharage
na bado linabaki joto la kuogea mtoto.
Kopo lenyewe, lakini, limepanda tena. Na tena.

Bi Kidawa alikataa.
"Mimi wa kuandikwa daftarini? Bado."
Dawa yake ya sukari aliilaza ndani ya mtungi,
mtungi juu ya mchanga, mchanga ukimwagiwa maji,
mpaka Siwema akaichukua bila kuomba ruhusa,
akaiweka katikati ya barafu zake za ubuyu.
Jina lake sikuliandika.
Niliandika: Mtungi, elfu mbili.

Kisha ile Jumanne ya joto, saa tano usiku,
mita ililia kama kifaranga aliyepotea,
ikanyamaza. Feni zikasinzia.
Nikanunua uniti kwa fedha ya fungu,
mtandao ukazunguka, ukazunguka,
ujumbe ukaingia simu ikiwa na chaji ya asilimia moja.
Nikasoma kwa sauti, haraka, namba zote.
Shomari alikuwa bado anatafuta kiti cha kupandia.
Simu ikazima.

Giza. Barafu za ubuyu zinaanza kudondoka.
Mtu akatukana, sitasema nani.
Ndipo ikatoka sauti mlango wa tatu,
sauti iliyonyooka, ya ofisini:
"Nne sita mbili moja.
Sifuri tisa tisa tatu.
Bonyeza taratibu, kijana, huchomi mahindi.
Saba moja nane nane.
Mbili tano sifuri sita.
Tatu tatu moja tisa."

Friji ikakohoa, ikaanza kunguruma.
Taa ikatukuta tumesimama wote koridoni
na kanga zetu za kulalia, tukimtazama.
"Miaka kumi na tisa," akasema Bi Kidawa,
"niliunganisha simu pale Reli.
Tabora, Kigoma, Mpanda.
Namba ukiisikia mara moja, inatosha.
Ningeiuliza mara ya pili, ningefukuzwa."
Akarudi ndani, akazima balbu yake.

Jumamosi hii amekuja na kigoda chake mwenyewe.
Ameweka mia tano juu ya twiga,
akaniamuru nifungue ukurasa wa wanaotoa.
"Andika kwa wino. Penseli hufutika."
Nikaandika.
Akaniambia herufi ya mwisho haisomeki,
nikaandika tena.
Mama Nchimbi akauliza makaa yameuzwaje leo
pale kwa Mngoni,
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.